Valvu katika injini ndogo za mashindano: kwa fundi anayeanza

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika karakana ya pikipiki za mashindano huuliza valvu ipi ni bora. Nami nilikuwa nayo hamu hiyo, hadi nilipojua kwamba linalotangulia ni swali jingine: ni nini kinachoifunga valvu hiyo, na huifunga wakati gani.

Katika injini ya mipigo miwili iliyo sahili kuliko zote, mlango wa kuingizia hewa hufunguliwa na pistoni yenyewe. Ikiufungua nyuzi 80 za mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kabla ya kufika juu kabisa, haina budi kuufunga nyuzi 80 baada ya hapo, na katika mwendo mdogo sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuingia hurudi nje kupitia kabureta. Valvu ya kisahani, kinachozunguka pamoja na krenki, haifungwi na sharti hilo, kwa kuwa unaweza kukikata kifungue mapema na kifunge mapema. Mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, alikioanisha na ekzosi yenye tumbo (bomba la moshi linalotanuka katikati), na kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25, yaani 200 kwa lita. Mwaka huohuo dereva wake Ernst Degner alitoroka na ujuzi huo, akaupeleka Suzuki, na mwaka 1962 akatwaa nao ubingwa wa dunia wa cc 50.

Kisahani hakisamehe. Niliwahi kukirudisha kikiwa kimeruka jino moja la shafti. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, kisha ikakataa kupanda mizunguko. Nilibadilisha jeti tatu (vitundu vya kabureta vya kupimia petroli) na plagi mbili kabla ya kufungua kifuniko, basi wewe kitie alama ya rangi kabla hujakitoa. Isitoshe, kabureta yake hukaa ubavuni na kuinenepesha injini, ndiyo maana silinda nne za Suzuki RG500 zilipangwa mraba. Aina nyingine, valvu ya ulimi (kibamba chembamba kinachopinda), hufunguliwa na mvuto wa hewa na kujifunga yenyewe, kwa hiyo hufuata mwendo wa injini bila kupangiwa. Inyanyue kwenye mwanga wa dirisha: ukiona mstari wa mwanga kati ya ulimi na kiti chake, au nyuzinyuzi za kaboni zikichanguka ukingoni, usiirudishe, maana kikivunjika kipande injini itakimeza.

Injini ya mipigo minne hupata pigo la nguvu mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, hivyo ili ishindane na ile ya mipigo miwili, inayolipata kila mzunguko, hulazimika kuzunguka kasi zaidi, na hapo ndipo springi hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati. Ukigawa valvu moja kuwa mbili zenye jumla ya eneo lilelile, kila moja huwa nyepesi, na mzingo wa kupitishia hewa huongezeka kwa takriban asilimia 41. Honda RC166 ya cc 250, iliyompa Mike Hailwood ubingwa mwaka 1966 na 1967, ilikuwa na silinda 6 na valvu 24. Hata hivyo wingi peke yake si dawa: Honda NR500 ya mwaka 1979, yenye pistoni za mviringo uliorefushwa na valvu 32, haikushinda hata Grand Prix moja.

Tapeti (mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma) zipime injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mgandamizo, kwa maana hufika juu mara mbili na wanaoanza huikosea. Tapeti iliyolegea hugonga ukaisikia. Iliyobana hunyamaza huku ikiunguza valvu, kwa hiyo injini iliyo kimya kuliko wiki iliyopita ipime kabla ya kuiwasha tena.