Fundi Anajibu: Kabla Hujalipia Suzuki RG500 Gamma

Ndugu Fundi, salaam. Niko Leicester, Uingereza. Nimeona pikipiki ya Suzuki RG500 (injini ya cc 500) ya 1986 iliyoletwa kutoka Japani, spidomita yake inaishia 180. Muuzaji anaapa kila kitu ni cha kiwandani. Nitajuaje kama si RG400, ile ya cc 400, iliyovalishwa nguo za kaka yake?

Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi. Suzuki ilitengeneza RG400 kwa soko la Japani, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ya 500: fremu ni ile ile ya alumini ya mabomba ya pembe nne, kava zile zile, eksozi mbili zinapita chini na mbili zinatokea mkiani. Anza na shingo ya fremu. Namba ya RG400 inaanza na HK31A, ya RG500 inaanza na HM31A. Ukikuta HK31A halafu muuzaji anakwambia injini ni ya 500, huenda anasema kweli, maana injini hiyo inaingia kwenye fremu hiyo. Ila hapo umeuziwa RG400 yenye injini ya 500, na bei yake iwe ya kitu hicho.

Jambo likibaki na utata, vichwa vya silinda vitolewe upime tundu kwa kalipa. RG500 ni milimita 56, RG400 ni 50. Mwendo wa pistoni ni milimita 50.6 kwa zote mbili, kwa hiyo huo hautakusaidia. Muuzaji asiyetaka kichwa kiguswe, mwambie basi mjadili bei ya 400.

Spidomita ya 180 isikutishe. Za Japani ndivyo zilivyo, na kwenye makaratasi zilitangazwa kuwa na nguvu farasi 64, wakati zilizouzwa nje zilitangazwa 95. Kwa hiyo ukiambiwa hiyo ya Japani ina 95, uliza iliongezwa nguvu lini, na nani, na risiti iko wapi.

Kuhusu makaratasi: namba zilizo kwenye V5C (cheti cha usajili cha Uingereza) zilingane na za chuma, herufi kwa herufi. Historia ya MOT (ukaguzi wa usalama wa kila mwaka) inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Soma maili za kila mwaka uone kama kuna mahali zilirudi nyuma. Kumbuka tu kwamba pikipiki iliyofikisha miaka 40 bila kubadilishwa sana inaweza kusamehewa MOT, hivyo rekodi kukatika ghafla si lazima iwe ujanja. Kama haijasajiliwa Uingereza bado, hakikisha forodha walipewa taarifa ya NOVA, yaani ya chombo kuingizwa nchini. Bila hiyo DVLA, wakala wa usajili wa magari, hawaisajili.

Nimeenda kuiangalia moja Milton Keynes. Iliwaka kiki ya pili, ikanguruma safi. Nilipe?

Uliigusa eksozi kabla haijawashwa? Kama ilikuwa ya moto, ulionyeshwa mchezo. Siku ukirudi, piga simu mapema uombe isiwashwe, na ukifika gusa kwanza. RG500 haina stata ya umeme, ni kiki tu, kwa hiyo kuwaka ikiwa baridi ni ushahidi mkubwa.

Ielewe injini yenyewe. Silinda nne zimepangwa mraba, kila moja ina krenki yake (shafti inayozungushwa na pistoni), chumba chake cha krenki na diski yake ya kuingizia hewa na petroli. Gia za krenki zote nne zinakutana kwenye shafti moja. (Aliyewahi kufungua Suzuki A100 anaijua diski hiyo: kisahani chembamba cha chuma kilichokatwa, kinazunguka na krenki.) Kwa maneno mengine unanunua injini nne ndogo za 125 zilizofungwa pamoja. Moja ikiugua, tatu zinaificha. Ndiyo maana mngurumo mzuri haukuambii kitu.

Pima moja moja. Ikishaanza kupata moto, dondoshea tone la maji kwenye shingo ya kila eksozi, karibu na silinda. Tone linalochelewa kukauka linakuonyesha silinda mvivu. Kisha zima, toa plagi zote nne na uzipange kwa mpangilio wake. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe kavu ni hewa nyingi kuliko petroli. Yenye vidoa vidogo vya kung'aa ni alumini ya pistoni imeanza kuyeyuka, na hapo usiendelee kuipiga kiki.

Funga geji ya kompresheni, fungua mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka sindano isimame. Namba yenyewe hubadilika kwa geji na kwa nguvu ya mguu, kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna ringi au ukuta wa silinda ulioisha.

Kipimo ambacho wanunuzi wengi wanakiruka ndicho kinachotafuta ugonjwa mkubwa wa pikipiki hizi, yaani sili za krenki (raba zinazozuia hewa na oili zisipite pembeni ya krenki). Tustroki, aina ya injini hii, hubana mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya chumba cha krenki kabla haujapanda juu, hivyo chumba kikivuja hakuna kabureta itakayokuokoa. Ziba mdomo wa kabureta na wa eksozi wa silinda moja, pampu hewa kidogo tu, 6 psi, halafu tazama saa. Ikipoteza zaidi ya 1 psi kwa dakika, inavuja. Paka maji ya sabuni uone mapovu yanatokea wapi: oringi ya kifuniko cha diski, raba ya kabureta, gasketi ya silinda. Usipoona mapovu nje, hewa inapenya ndani kupitia sili ya upande wa gia.

Tofautisha dalili. Sili ya upande wa gia ikiisha, silinda inanyonya oili ya gia boksi: moshi mzito usiokata hata injini ikiwa moto, na oili ya gia inapungua bila tone chini. Hewa ikiingia kutoka nje, moshi unapungua, injini inabaki juu unapoachia mafuta, na mwisho wake pistoni inatoboka. Watu wanaogopa ya kwanza kwa sababu inaonekana. Ya pili ndiyo inayoua.

Niko Muscat. Yangu imekaa gereji miaka tisa. Niipige kiki tu? Na kwa joto la huku nipunguze jeti (kitundu kinachopima petroli kwenye kabureta)?

Usipige. Krenki ya tustroki haiogi kwenye oili, inapata ukungu tu wa oili iliyochanganyika na petroli. Ikikaa, beringi zinapata kutu na sili zinakauka. Mwaga petroli yote, chungulia tangini kwa tochi, fungua vikombe vya kabureta zote nne, mbili kila upande. Toa plagi, mimina mililita 5 za oili ya tustroki kila silinda, iache usiku mzima, kisha ingiza gia ya juu na usukume tairi la nyuma polepole. Ukisikia kama mchanga, injini ifunguliwe. Ikizunguka laini, fanya kipimo cha kuvuja ndipo uiwashe.

Jeti iache. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko huelekea kuwa na petroli nyingi kidogo, jambo ambalo kwa tustroki ni usalama. Hangaikia rejeta, tamosta na pampu ya maji.

Pampu ya oili imetolewa, mwenyewe anachanganya tangini. Ni kasoro?

Ni kasoro ya bei. Kwa kuendesha, 32 kwa 1 inatosha: lita 10 za petroli, mililita 310 za oili. Ukirudisha pampu, toa hewa kwenye mipira yote, na tangi la kwanza weka pia mililita 100 kwa kila lita 5 mpaka uone oili inapita bila povu. Kwa walioko Uingereza, petroli ya kawaida tangu Septemba 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Nunua E5, yenye hadi asilimia 5, maana ethanoli inavuta maji na kuharibu raba za zamani.

Kipi kikikosekana niiache?

Krenki zinajengwa upya, silinda zinapakwa upya. Hizo ni gharama unazoweza kuulizia bei kabla ya kununua. Eksozi nne za asili, kava zisizopasuka, diski na boksi la CDI (la umeme wa kuwashia plagi) ni habari nyingine, utazisubiri zijitokeze sokoni. Eksozi kagua kwa chini, kutu huanzia ndani. Shingo ya fremu tazama vizuizi vya usukani: vikiwa vimebonyea, ilianguka vibaya. CDI iache ifanye kazi dakika 20 injini ikiwa moto, izime, iwashe tena papo hapo. Zilizochoka huweza kuonekana nzima zikiwa baridi.