Slothi: uvivu, vidole na rangi ya kijani

Swali: Mwalimu wa shule ya msingi anayeandaa kitabu kidogo kuhusu wanyama wa misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini anauliza: "Je, ni sahihi kumwita slothi 'mnyama mvivu', kama nilivyoona katika tafsiri kadhaa? Aina zake nizitofautishe kwa kucha au kwa vidole? Ile rangi ya kijani iliyo kwenye manyoya yake ni kuvu? Na niandike 'slothi inakula' au 'slothi anakula'?"

Jibu: Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa halihitaji maelezo mengi. Slothi, mamalia anayeishi juu ya miti akining'inia matawini, ni kiumbe hai, kwa hiyo upatanisho wake ni ule wa simba, twiga na popo: slothi anakula, slothi wawili wamelala, slothi huyu. Vimilikishi navyo hufuata mkondo huohuo, yaani "slothi wetu" wala si "slothi yetu", maana umbo hilo la pili limebaki kwa watu, kama katika "ndugu yetu" na "rafiki yetu".

Kuhusu "mvivu", ushauri wangu ni kwamba uliache. Katika Kiswahili neno hili ni hukumu ya tabia: mvivu ni yule mwenye uwezo wa kufanya kazi lakini hataki kuifanya. Kobe na kinyonga wana mwendo wa taratibu uliotupatia hata misemo, lakini hatuwaiti wavivu kwa sababu hiyo. Wahispania, Wareno, Wafaransa na Waingereza wote walimpa slothi jina lenye maana ya uvivu, na watafsiri wetu wakaichukua maana hiyo kama ilivyo, ingawa hakuna kinachotulazimisha kuirithi.

Maumbile ya mnyama mwenyewe yanalikataa neno hilo. Chakula chake kikuu ni majani, ambayo ni magumu kumeng'enywa na yana lishe haba, na tumbo lake lenye vyumba kadhaa huyachachusha kwa msaada wa bakteria, kazi inayoweza kuchukua siku nyingi, pengine hata wiki kadhaa. Kwa kuwa nguvu anayoipata ni kidogo, mwili wake huitumia kwa ubahili mkubwa: misuli yake ni michache kuliko ya mamalia wengine wa ukubwa wake, na joto la mwili wake hupanda na kushuka kulingana na hali ya hewa, badala ya kubaki palepale kama letu. Mwendo huo wa taratibu humfaa pia kwa kujificha, kwani tai mkubwa wa misitu hiyo na jagwa, paka mkubwa mwenye madoa, humtambua kwa shida mnyama asiyetikisika. Hata sifa ya kulala kutwa imetiwa chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowapima mawimbi ya ubongo slothi wa porini nchini Panama, ulionyesha kwamba walilala kwa saa zisizofika 10 kwa siku, ilhali wale waliofugwa walikuwa wamekadiriwa kulala karibu saa 16. Andika basi "mnyama mwenye mwendo wa polepole sana", au "mwendapole" ukitaka neno moja; methali yetu inamsifu mwenda pole kwamba hajikwai.

Swali la vidole ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kina nafasi ya kuwa sahihi kuliko Kiingereza. Slothi wamegawanyika katika makundi mawili, na Kiingereza kwa kawaida huyataja kwa idadi ya vidole vya miguu, jambo linalopotosha, kwani miguu ya nyuma ya slothi wote ina vidole vitatu. Tofauti iko mikononi: kundi moja lina vidole viwili na jingine vitatu. Neno letu "kidole" ni la mkono na la mguu pia, kwa hiyo "slothi wa vidole viwili" si kosa, ila pale unapomtaja kwa mara ya kwanza ongeza "vya mkono" ili mwanafunzi asihesabu mahali pasipo. Kucha usizitumie kuwa jina la kundi, na unapozieleza sema "makucha", kwa maana ni marefu, yamepinda, na humshikilia tawini hata akiwa usingizini. Ukipenda kuongeza tofauti nyingine, taja shingo: slothi wengi wa vidole vitatu wana pingili 8 au 9 za shingo, ilhali binadamu na hata twiga wana 7 tu, na ndiyo maana slothi hao huweza kugeuza kichwa mbali sana bila kusogeza mwili.

Rangi ya kijani si kuvu. Kuvu wapo kwenye manyoya hayo, lakini ukijani unatokana na mwani. Najua msomaji wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, atawaza mara moja mwani unaolimwa baharini kwa kamba. Kwa hiyo andika "mwani mdogo sana" na ueleze kwamba huota katika nyufa za unywele wenyewe, mahali panapohifadhi maji ya mvua. Katika manyoya hayohayo huishi nondo, ambao slothi wa vidole vitatu anaposhuka chini kujisaidia, takriban mara moja kwa wiki, hutaga mayai yao katika kinyesi chake. Hapo andika "nondo", usiandike "vipepeo".