Si turubai lililochakaa, ni lubugo

Kuna wanaodhani michoro ya Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya, ni rangi ya mafuta juu ya turubai lililochakaa. Hapana, yale matundu na mishono si uchakavu. Hachorei turubai la kawaida, anachorea lubugo: gome la mti wa mutuba ambalo Waganda wa Uganda hulibandua, kisha hulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka litanuke liwe kitambaa. Kovu la mti hubaki humo, naye Armitage huliacha liamue sehemu ya mchoro. Kwa Waganda lubugo ni sanda pia, ingawa Armitage amesimulia kwamba alikutana nalo mara ya kwanza Nairobi, sokoni, likiuzwa kwa watalii! Rangi ndiyo ya mafuta kweli, ila huipaka kwa tabaka na kuikwangua.

Wale watu waliopanda mtini kwenye mchoro wake "The Fourth Estate" (2017) wametokana na mkutano wa upinzani wa Kenya aliohudhuria Uhuru Park, Nairobi, kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Lakini mpangilio wa kuwarundika juu ya tawi ameuchukua kwa Goya, mchoraji Mhispania wa zamani. Mishono yenyewe utaiona vizuri ukisimama mbele ya mchoro, kwenye simu inapotea.