Bustani ya maua Dodoma: chagua kwa jicho la Oktoba

Nilipohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam nilikuja na miche yangu kwenye ndoo mbili: mawaridi, begonia na krotoni. Niliipanda Januari, mvua zikiwa zimekolea, ikashika yote. Kufika Septemba nilikuwa namwaga ndoo sita kila jioni, siku za mgao maji ya kununua, na bado majani yalikuwa yanaungua pembeni. Oktoba niling'oa karibu kila kitu, na roho iliniuma.

Nilikuwa nimehama mji bila kuhamisha mazoea. Dar kuna vuli na masika, na kwa mwaka mvua inapita milimita 1,000. Huku msimu ni mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni milimita 550 hadi 600 hivi. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo. Kwa hiyo usichague ua kwa sababu limekupendeza Januari, maana Januari kila kitu kinapendeza. Jiulize litakuwaje Oktoba.

Yangu sasa ni manne tu: bogenvilia nyuma kando ya ukuta, waridi la jangwani katikati, taji la miiba mbele, na mshubiri kwenye kona zenye mawe. Mbuzi wa mtaani hawahangaiki na waridi la jangwani wala taji la miiba, na kwa mtaa wetu hilo si jambo dogo. Ila yote mawili yana utomvu mbaya; ule wa waridi la jangwani wazee walipaka kwenye mishale ya kuwindia. Ukikata tawi vaa glavu, usijishike machoni, na kama una watoto wadogo panda mbali na wanapochezea.

Waridi la jangwani ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka wa kwanza lilipukutisha majani yote kiangazi, likabaki shina nene la kijivu, na mama jirani akanishauri niling'oe maana limeshakufa. Nililibonyeza kwa kidole gumba, shina lilikuwa gumu, nikaliacha. Baada ya wiki chache lilichanua maua ya rangi ya waridi bila jani hata moja. Shina likibonyea kidogo na ngozi kukunjamana, lina kiu. Likiwa laini kama ndizi iliyoiva sana, linaoza, na kinacholiozesha ni maji kutuama.

Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye udongo, na unaifanya mara moja. Udongo wetu mwekundu ukikauka unagonga kama tofali. Mimi namwaga maji jioni, asubuhi nachimba kwa sululu. Bogenvilia nachimbia shimo la futi mbili, nachanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu, kisha naacha kisahani kuzunguka shina ili mvua ikinyesha maji yabaki pale. Waridi la jangwani ni kinyume: nachanganya udongo nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni, nainua kilima kidogo, maji yatiririke. Yote nayapanda Desemba mvua za kwanza zikishaloanisha ardhi.

Juu ya udongo weka kokoto. Niliwahi kutandika nyasi kavu nikidhani nimepata suluhisho la bei nafuu, mchwa wakazimaliza ndani ya wiki tatu, wakahamia kwenye mashina. Kokoto mchwa hali, magugu yanapungua, na chini yake udongo unakaa na unyevu.

Kumwagilia: mwaka wa kwanza mara moja kwa wiki, maji mengi yazame. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Visima vingi huku vina maji ya chumvi, na ukinyunyiza juu juu utaona ukoko mweupe unajijenga kwenye udongo. Mwaka wa pili kiangazi mimi natoa ndoo moja kwa kila bogenvilia kila baada ya wiki mbili, basi. Likipewa maji mengi linatoa majani matupu.

Novemba nalipunguza bogenvilia matawi. Matawi ya unene wa penseli nayakata urefu wa shibiri moja na kuyachomeka kwenye mifuko yenye mchanga, kivulini. Mama jirani ameshaweka oda ya matano.