Mbwa wangu mkali amemng'ata mtoto wa jirani: nadaiwa nini?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Ninaishi Raskazone, Tanga. Baada ya kuvunjiwa nyumba nilitafuta mbwa wa ulinzi, Rottweiler. Wiki iliyopita geti lilifunguliwa bajaji iingie, mbwa akatoka mbio akamng'ata mguuni mtoto aliyekuwa anarudi madrasa. Kabla ya hapo aliwahi kumrukia muuza samaki akamchania shati. Nimelipia dawa, na mama wa mtoto amesema amesamehe. Rafiki yangu anasema ipo hadithi kwamba mnyama akidhuru hakuna fidia. Mpwa wangu aliye Uingereza anasema huko mbwa wa namna hii ni marufuku, na majirani wanataka atiliwe sumu kwa kuwa ni mbwa mweusi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Kabla ya fiqhi, lipo jambo la uhai. Kama mtoto hajaanza sindano za kichaa cha mbwa, funga simu hii umpeleke hospitali sasa hivi. Ugonjwa huo dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Na mbwa afungwe, aangaliwe siku 10 na daktari wa mifugo.

Kumfuga kwenyewe hakuna tatizo kubwa. Mtume (s.a.w.) amesema anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba, hupungukiwa thawabu kila siku. Imamu Nawawi ameona kauli sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Kishafii ni kwamba mbwa wa kulinda nyumba amelinganishwa na hao watatu, maana haja ni ile ile. Wewe umeibiwa, haja unayo. Mambo ya najisi yake, na kuosha mara saba kilichopatwa na mate yake, moja kwa udongo, nadhani unayajua.

Hadithi ya rafiki yako ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim: jeraha la mnyama halina fidia. Lakini wanazuoni hawakuisoma peke yake. Ngamia wa sahaba al-Baraa bin Aazib alipoingia bustani ya watu akaharibu, Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wanachoharibu wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama. Basi kutolipa ni pale mwenye mnyama asipokuwa na uzembe. Mbwa aliyekwisha kujulikana kwa kung'ata ana hukumu yake mahsusi. Ibn Qudama, katika Mahanbali, anasema mwenye kumfuga akamwachia, naye akang'ata mtu usiku au mchana, au akachana nguo, analipa. Isipokuwa aliyeng'atwa awe ameingia nyumbani bila idhini. Mashafii wanasema vivyo hivyo hata kwa paka aliyezoea kukamata ndege wa watu.

Sasa rudi kwa yule muuza samaki. Siku ile shati lilipochanika ndipo ulipojua tabia ya mbwa wako. Kabla yake ungeweza kusema hukujua. Baada yake uliendelea kufungua geti mbwa akiwa hana mnyororo, na mtoto alikuwa njiani, hakuwa uani kwako. Unadaiwa, ndugu yangu: matibabu yote mpaka sindano ya mwisho, nauli za kwenda na kurudi, na nguo ya mtoto kama ilichanika. Shati la muuza samaki nalo, hata kama siku ile hukujua, mlipe kwa wema. Jeraha likiacha kovu au kilema, kuna fidia yake inayokadiriwa na watu waadilifu wenye ujuzi.

Na msamaha wa mama? Hapa watu wengi wanateleza. Mama anaweza kusamehe pesa iliyotoka mfukoni mwake na uchungu alioupata. Fidia ya mguu ni mali ya mtoto, na mlezi amewekwa kuilinda mali ya mtoto, hana ruhusa ya kuigawa bure. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona wazazi wanyonge wakitamka "tumesamehe" huku macho yako chini, kwa kuwa mwenye mbwa ni mtu mkubwa mtaani na wao wamepanga chumba kimoja. Usijifiche nyuma ya neno hilo. Peleka haki kwa walii wake, yaani mlezi anayesimamia mali yake, mbele ya mashahidi wawili, iandikwe.

Mpwa wako amechanganya kidogo. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 zilipigwa marufuku aina nne, Pit Bull Terrier akiwemo, na XL Bully akaongezwa baadaye, Rottweiler hayumo. Sheria hiyo hiyo inamshika mwenye mbwa wa aina yoyote akishindwa kumdhibiti akahatarisha watu. Kwetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haiulizi jina la mbwa: ni kosa kwa uzembe kutochukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama uliye naye. Wazazi wakienda polisi au mahakamani, hawajafanya kosa lolote kidini.

Kuhusu sumu, hapana. Amri ya kuua mbwa ilikuwepo kisha ikaondolewa, na Imamu al-Haramayn, mwanazuoni wa Kishafii, amesema sheria ilitulia kwenye katazo la kuua mbwa wasio na madhara, hata mweusi tititi. Tena Rottweiler si mweusi tititi. Ana kahawia usoni, kifuani na miguuni, mtazameni vizuri. Mbwa ang'atae ameruhusiwa kuuawa katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), lakini sumu inayotupwa ovyo huliwa pia na mbuzi na kuku wa watu, na humuua mnyama kwa mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili huo.

Jenga banda lenye mlango wake ndani ya ua, afungwe kila geti linapofunguliwa, hasa saa za watoto kwenda na kutoka madrasa. Mpe chanjo kila inapofika wakati. Kibao cha "Mbwa mkali" weka, ila hakikuondolei deni akitoka nje. Ukishindwa hayo, au akimrukia mtu tena, mwite daktari wa mifugo wa halmashauri amuue kwa dawa bila kumtesa, nawe ugharamie.

Wallahu aalam.