Wabunge wengi waking'atuka, chama kinaelekea kushindwa?

SWALI: Kila uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani ukikaribia, wachambuzi huhesabu wajumbe waliotangaza kutogombea tena, kisha husema chama chenye wengi zaidi kimeshajua kitashindwa. Hesabu hiyo inaaminika? Na nikitaka kuifanya mwenyewe nianzie wapi?

JIBU: Jumla peke yake haiaminiki. Mwaka 2020 Warepublikan walioacha viti walikuwa wengi kuliko Wademokrati, na Texas pekee walifika sita. Matokeo yake? Wademokrati ndio walioporomoka, kutoka viti 235 walivyopata 2018 hadi 222. Vile sita vya Texas vilibaki vyote kwa Warepublikan, hata kile cha Will Hurd mpakani na Mexico, ambacho wengi walishakihesabu kuwa kimepotea.

Kwa hiyo anza kwa kuchuja. Toa anayeacha kiti ili agombee useneta au ugavana. Huyo anatafuta makubwa zaidi, hakimbii. Toa aliyeangushwa kwenye mchujo wa ndani ya chama, aliyefariki na aliyejiuzulu katikati ya muhula. Majedwali mengi huwachanganya hawa wote, na hapo ndipo makosa huanzia.

Kwa waliobaki, tafuta sababu ya kila mmoja. Warepublikan wana kanuni kwamba mtu hawi mwenyekiti wa kamati zaidi ya mihula mitatu, yaani miaka sita. Mwaka 2018 Bob Goodlatte, Lamar Smith na Jeb Hensarling walikuwa wanafikia ukomo huo. Wakaondoka, na viti vyao chama hakikuvipoteza. Wakati mwingine ni fedha. Mwaka 1992 waliondoka wajumbe 65, wengi wao Wademokrati. Kulikuwa na kashfa ya benki ya Baraza (wajumbe waliandika hundi zisizo na fedha) na mipaka mipya ya majimbo ya uchaguzi, lakini pia sheria iliwapa wajumbe wa tangu kabla ya 1980 nafasi ya mwisho ya kuchukua salio la fedha za kampeni kama mali yao, mradi wasirudi bungeni Januari 1993. Wademokrati walipoteza viti vichache tu, wakabaki na wingi wao: 258.

Sasa njoo kwenye kinachopima kweli: kiti kiko wapi. Chukua matokeo ya urais ya mwisho ndani ya jimbo hilo la uchaguzi. Kama chama cha anayeondoka kilishinda kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia, kiti hicho kiweke kando. Kama kilishinda chini ya hapo, au kilishindwa, kihesabu. Ukiichuja 2018 hivyo unabaki na majina kama Ileana Ros-Lehtinen wa Florida, Ed Royce na Darrell Issa wa California, Dave Reichert wa Washington, Frank LoBiondo na Rodney Frelinghuysen wa New Jersey. Viti vyote sita vilikwenda kwa Wademokrati. Royce naye alikuwa anafikia ukomo wa uenyekiti, ila wapiga kura wa jimbo lake walikuwa wamemchagua Hillary Clinton, mgombea urais wa Wademokrati, 2016. Issa alikuwa amepona mwaka huohuo kwa kura 1,600 hivi tu.

Kuna mtego hapa. Kung'atuka ni dalili na pia ni chanzo: mjumbe anaondoka kwa sababu kura za maoni ni mbaya, na akiondoka, jina lake, wafadhili wake na huduma alizowafanyia watu vinaondoka naye. Basi ukiwa umeshaziingiza kura za maoni kwenye makadirio yako, usiwaongeze walioondoka kwa uzito uleule. Utakuwa umehesabu habari moja mara mbili.

Tazama na tarehe. Texas hufunga pazia la kuchukua fomu Desemba ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo tangazo la Novemba hukiacha chama na wiki chache za kumpata mtu mwenye uzito. Nionavyo mimi, tangazo la namna hiyo kwenye kiti chenye ushindani linasema mengi kuliko matatu ya Februari kwenye ngome.

Uingereza hesabu ya jumla ilifanya kazi 2024: Wahafidhina 75 hawakugombea tena, na chama kikaanguka kutoka viti 365 vya 2019 hadi 121. Tanzania usiitumie hivyohivyo. Huko wabunge wengi hukatwa au huangushwa ndani ya chama kabla ya uchaguzi mkuu, na Kenya mbunge anayeacha kiti mara nyingi anautaka ugavana.