Toro hainyweki na samaki

Ndugu, umesema umezawadiwa chupa mbili za Toro, mvinyo mwekundu wa Hispania, ukafungua moja kwa samaki wa kukaanga ukahisi kama unalamba msumari. Mvinyo hauna kosa, samaki ndiye hakustahili.

Toro ni mji wa mkoa wa Zamora, kando ya mto Duero. Kiangazi chake ni kikali, na zabibu za huko, Tinta de Toro, zina ganda nene. Ndiyo maana kilevi hufika asilimia 14 au 15, na ule ukakasi hukausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo unatafuta mafuta ya nyama. Wenyeji huunywa na mwanakondoo aliyeokwa tanurini, au jibini gumu la maziwa ya kondoo liitwalo Zamorano.

Chupa iliyobaki, ningekuwa wewe ningechoma mbavu za mbuzi aliyenona, chumvi tu. Pilipili kaa nayo mbali, huufanya mvinyo uunguze koo. Uweke kwenye friji dakika 20, kisha umimine kwenye jagi upumue kama saa moja. Maharage yaliyoungwa na soseji nayo yanaenda vizuri sana.